Tustroki ya shamba haivuti: dalili, sababu, na hesabu ya tabo

Swali la tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kisukume hewa ndani ya injini, huja nyuma ya malalamiko yale yale. Pikipiki ya Yamaha DT175 au AG100 iliyokuwa ikipanda mlima wa Mkoani kutoka bandarini kwa gia ya tatu, sasa inaomba ya pili, na ikipakia gunia la karafuu nyuma inaomba ya kwanza. Mwenye chombo ameona kwenye simu injini ndogo imefungwa tabo inaruka matope, naye anauliza inafungwaje.

Inafungika. Lakini kabla ya kuifunga, jua kwamba tustroki, injini inayowaka kila pistoni inapopanda, imezaliwa na pampu mbili za hewa. Ya kwanza ni kesi ya krenki: pistoni ikishuka inabana mchanganyiko ulio chini yake na kuusukuma juu kupitia matundu ya pembeni. Ya pili ni ekzosi, lile tumbo lenye koni mbele na nyuma, ambalo wimbi lake la mgandamizo hurudi na kurudisha ndani ya silinda hewa iliyokuwa imeanza kukimbilia nje. Chombo kinachoonekana kinataka tabo, aghalabu kimepoteza moja ya pampu hizi. Ukifunga tabo juu ya sili (mpira wa kuziba hewa kwenye mhimili wa krenki) inayovuja, utakuwa umenunua njia ya haraka ya kutoboa pistoni.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na pampu zilizopo, kisha unakwenda kwenye zile za kuongeza.

Nguvu imepungua polepole, moto ni mzuri, plagi haina tatizo la kuonekana

Anza na vitu vya bure. Fungua chujio la hewa. Vumbi jeupe la maweni, lile la Makunduchi, Muyuni na Micheweni, ni laini kuliko udongo mwekundu wa magharibi ya Pemba na linapenya hadi ndani ya sponji. Osha sponji kwa dizeli, kisha kwa sabuni na maji, kausha kabisa, tia oili, kamua. Sponji kavu bila oili haizuii vumbi hilo hata kidogo, na ringi huliwa ndani ya msimu mmoja.

Halafu ekzosi. Vua kipande cha nyuma chenye matundu na ukitazame. Masizi yakiwa yamebana njia, chombo huwaka vizuri, hukaa silensa (kuunguruma bila akseleta) vizuri, ila ukifungua moto (akseleta) katikati kinalegea na injini inachemka. Kuna mafundi wanaochoma ekzosi kwa moto wa gesi hadi masizi yageuke majivu. Inafaa, lakini bomba la chombo kilichokaa karibu na bahari huwa limeliwa na kutu kwa ndani, na moto huo hulimaliza. Ligonge kwanza kwa kipini cha bisibisi mwili mzima: sehemu inayotoa sauti nzito na kubonyea imeoza.

Kisha pima mgandamizo kwa geji. Injini iwe ya moto, fungua akseleta yote, piga kiki mara tano au sita mpaka sindano isimame. Injini ya kupozwa kwa hewa yenye afya hutoa karibu 110 hadi 130 psi (kipimo cha shinikizo) au zaidi. Ikiwa chini ya 90, acha habari nyingine zote. Ni ringi, pistoni au gasketi ya hedi. Tia oili kijiko cha chai kwenye tundu la plagi na upime tena: ikipanda sana, ringi zimekwisha.

Mgandamizo ukiwa mzuri na nguvu bado haipo, nenda kwenye kipimo cha kuvuja. Hiki ndicho kipimo ambacho gereji nyingi hazikifanyi, na ndicho kinachokupa jibu.

Kupima kesi ya krenki kwa mashine ya presha

Tustroki hupimwa kwa shinikizo dogo, karibu 6 psi. Mashine ya kupimia presha ya damu inayouzwa duka la dawa, ile ya kubonyeza kwa mkono yenye geji ya duara, inasoma hadi 300 mmHg, nazo ni sawa na 5.8 psi. Hakuna kifaa cha gereji kinachofaa zaidi kwa bei hiyo.

Vua kabureta na ekzosi, lakini acha mpira wa kabureta mahali pake, umekazwa kwa klipu yake. Ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha tyubu kilichobanwa na bati nene kwa bolti zile zile za ekzosi. Ziba mpira wa kabureta kwa kipande cha mti kilichochongwa sawasawa, ukitoboa katikati na kupitisha mpira mwembamba wa mashine ya presha. Kama chombo kina pampu ya oili, bana mrija wake, la sivyo hewa itatokea huko na utashtaki sili bure. Plagi ikae imekazwa. Shusha pistoni chini kabisa ili matundu yawe wazi na kesi na silinda viwe chumba kimoja.

Pampu hadi 300, funga skrubu, tazama saa. Injini nzima haishuki kwa kuonekana ndani ya dakika moja. Ikishuka zaidi ya 50 mmHg kwa dakika, kuna kazi. Chukua maji ya sabuni na brashi: pitia gasketi ya chini ya silinda, ya hedi, mpira wa kabureta (huu hupasuka kwa ndani ya mikunjo, uvute uone), na mwisho vua sumaku (gurudumu la kuzalisha umeme kwenye mhimili wa krenki) kwa pula yake upake kwenye sili ya upande huo. Sili ya upande wa klachi huioni. Fungua kifuniko cha kutilia oili ya gia, paka sabuni kwenye tundu la pumzi na uzibe kwa kidole tundu la kujazia: mapovu yakitoka, hewa inapita kutoka kesi kwenda gia.

Kuna sili zinazoshika shinikizo na kuachia mvuto, kwa sababu mdomo wake umechakaa upande mmoja. Ukiwa na shaka, vuta hewa kwa bomba la sindano la mililita 60 na kibano kwenye mrija, mara tano au sita, ukisoma kwa geji ya vakyumu. Vuta kutokea upande wa ekzosi. Ukivuta upande wa kabureta ridi (ndimi za vali ya kuingizia mchanganyiko) zitajifunga na utapima ridi badala ya kesi.

Silensa inapanda yenyewe, ukifunga moto injini inachelewa kushuka

Inakula hewa, na mara nyingi ni sili ya upande wa sumaku. Huko ni pakavu, hakuna oili ya gia ya kuziba, hivyo hewa safi inaingia moja kwa moja na kupunguza uzito wa mafuta kwenye mchanganyiko. Plagi huwa nyeupe. Hatari yake ni kwamba chombo huenda vizuri sana katika siku zake za mwisho. Mafuta yakipungua kidogo injini huwa nyepesi na kali, mwenyewe hufurahi, kisha siku ya safari ndefu ya Konde hadi Mkoani pistoni inashika.

Kuweka jeti (kitundu cha kupimia petroli kwenye kabureta) kubwa zaidi ili kufidia sili mbovu ni kosa. Uvujaji haulingani na mzunguko: silensa utakuwa na hewa nyingi mno na juu utakuwa na mafuta mengi mno. Badilisha sili, zote mbili pamoja, na ufute mhimili wa krenki kwa sandapepa laini sana pale mdomo wa sili unapokaa. Mhimili ukiwa na mfereji unaosikika kwa kucha, ingiza sili mpya milimita moja mbele au nyuma ili ikae pengine, ukihakikisha haizibi njia ya oili ya beringi.

Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto

Sili ya upande wa klachi. Kesi inavuta oili ya gia na kuichoma. Harufu yake ni tofauti na ya oili ya tustroki, na oili ya gia hupungua bila kuvuja nje. Pima: mimina kiasi kamili kilichoandikwa kwenye kesi, tembea kilomita mia, mimina nje na upime tena kwa chombo kile kile.

Kabureta inatema mafuta kwenye chujio, kuwasha asubuhi ni shida

Ridi. Itoe, iinue kwenye mwanga wa jua: ndimi zikae zimelala, na mwanga usipite. Pengo linaloonekana kwa jicho tayari ni kubwa. Ncha iliyovunjika itafute ilipo kabla hujawasha tena, kwa sababu kama ni ya chuma, imo ndani. Usigeuze ndimi za chuma upande wa pili ili zikae sawa; zilishachoka, na zikigeuzwa hukatika.

Haipati ule msukumo wa ghafla ikifika juu

Msukumo ule ni kazi ya ekzosi. Ekzosi ya asili ikioza, chombo hufungiwa bomba la kuchomelewa, la duara moja mwanzo hadi mwisho, na hapo nusu ya tabia ya injini inaondoka. Katika miaka ya 1930, DKW ya Ujerumani iliendesha tustroki za mashindano zenye pampu ya pistoni ya kusukuma hewa, na mwaka 1938 Ewald Kluge alishinda nayo mbio za Isle of Man. Baada ya vita, mwaka 1946, visukuma hewa vilipigwa marufuku kwenye mashindano ya pikipiki. Mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya pikipiki ya MZ, Ujerumani Mashariki, akaja kupata katika miaka ya 1950 kwa bati lililokunjwa kile ambacho wengine walikuwa wakikitafuta kwa pampu. Ndiyo maana tunasema ekzosi ni kisukuma hewa, na hatusemi kwa mfano.

Urefu wake una hesabu. Pima kwa karatasi ya digrii kwenye sumaku tundu la kutolea moshi linakaa wazi digrii ngapi. Zidisha kwa 42,500, gawanya kwa mzunguko wa dakika moja unaoutaka nguvu iwe. Jibu ni milimita kutoka uso wa pistoni hadi karibu katikati ya koni ya nyuma. Tundu la digrii 170 na mzunguko 7,000 hutoa milimita 1,032. Ukikata bomba likawa fupi, nguvu inahamia mzunguko wa juu ambao njia ya maweni haikuruhusu kuufikia. Kwa chombo cha shamba acha bomba refu. Kijibomba cha mwisho nacho kisiguswe: kikipanuliwa, shinikizo ndani ya tumbo linapotea na nguvu nayo, kikibanwa, pistoni inachemka.

Chombo kikipita vipimo vyote hivi na bado nguvu haitoshi mzigo wako, sasa tuzungumze kuongeza hewa kwa lazima.

Umefunga feni ya umeme au mdomo wa kukinga upepo, hakuna kilichobadilika

Hakuna kilichopaswa kubadilika. Injini ya cc 171 kwenye mzunguko 7,000 inaweza kumeza lita 20 za hewa kwa sekunde. Kuzibana kwa bar 0.3 kunataka karibu wati 900 ukihesabu upotevu wa kawaida wa kisukumaji, yaani ampea 75 za betri ya volti 12. Feni inayouzwa mtandaoni yenye waya mwembamba haiwezi kupitisha umeme huo, na sumaku ya DT hutoa wa taa na kuchaji kidogo tu. Feni iliyokaa njiani inakuwa kizuizi.

Mdomo wa kukinga upepo ni hivyo hivyo. Kwa kasi ya 80 kwa saa upepo unatoa bar 0.003. Kwenye njia ya shamba, kwa 30 kwa saa, hesabu haifai hata kuandikwa. Faida yake pekee ni kuleta hewa isiyopita juu ya silinda ya moto, na hiyo utaipata kwa kuhamisha mdomo wa chujio.

Umefunga supachaja ya mkanda (kisukuma hewa kinachozungushwa na injini yenyewe): mafuta yanaisha, moshi mweusi, ekzosi inalipuka, nguvu ile ile

Sababu iko kwenye matundu. Katika tustroki ya kawaida tundu la kutolea moshi hufunguka mwanzo na kufunga mwisho. Matundu ya kuingizia yakishafungwa, lile la moshi bado liko wazi, hivyo shinikizo lote ulilolinunua kwa mkanda linatoka nje pamoja na petroli yako, na linaungulia ndani ya ekzosi.

Utaambiwa kwamba dizeli za tustroki za General Motors zina kisukuma hewa. Ni kweli, familia ya 71 iliyoanza mwaka 1938 ilikuwa nacho. Lakini zile zinatolea moshi kwa vali za juu kwenye hedi, kesi yake haisukumi hewa, na kisukuma kile kazi yake kuu ni kufagia moshi nje. Zaidi ya hayo, hewa inayopotea kwenye dizeli ni hewa tupu, kwa sababu mafuta huingia baadaye. Kwa kabureta, kinachopotea ni hewa yenye petroli. Supachaja kwenye tustroki ya kabureta yenye matundu ya kawaida hatuipendekezi kwa hali yoyote.

Tabo: kwa nini yenyewe inawezekana

Gurudumu la tabo linazuia moshi kutoka, na kizuizi hicho hujenga shinikizo ndani ya ekzosi ambalo linazuia hewa mpya isikimbie. Sharti lake ni kwamba shinikizo la ekzosi na la kuingizia yakaribiane. Weka geji mbili, moja kwenye sanduku la hewa, nyingine kwenye kijibomba cha mwisho cha ekzosi kwa mrija wa shaba wa nusu mita ili joto lisiue geji. La ekzosi likiwa dogo sana, hewa inapita moja kwa moja. Likiwa kubwa sana, moshi uliokwisha kuungua unabaki ndani ya silinda.

Tabo hufungwa mwisho wa tumbo la ekzosi, baada ya koni ya nyuma. Ikifungwa karibu na silinda, wimbi linakatwa na ile pampu ya pili inakufa. Kuifunga mwisho pia kunapunguza joto linaloipiga.

Na hapa panahitaji ukweli wa visiwa vyetu. BRP ya Kanada ilipoleta chombo cha theluji cha tustroki, Ski-Doo 850 E-TEC Turbo, modeli ya 2021, lengo lilikuwa kurudisha hewa inayokosekana milimani: kwenye mita 2,400 uzito wa hewa umepungua kwa zaidi ya moja ya tano, na tabo inaifidia. Masingini, mahali palipo juu kuliko pote Unguja, hapafiki mita 130. Sisi hewa yetu hatujaipoteza. Kinachotupunguzia ni joto, na tabo inaongeza joto. Ukibana hewa ya digrii 30 kwa bar 0.3 kwa tabo ndogo ya kawaida, inatoka na karibu digrii 70. Kwa hiyo ile asilimia 30 uliyoitarajia, bila kipoza hewa, ni asilimia 15 tu za hewa ya kweli. Kwa injini ya nguvu za farasi 16 hiyo ni mbili na kitu. Sproketi ya nyuma yenye meno matatu au manne zaidi hupandisha mzigo ule ule mlimani.

Anayeendelea kwa sababu anataka kujifunza, au ana injini kubwa zaidi, basi hizi ndizo dalili atakazokutana nazo.

Tabo haipulizi kabisa

Ni kubwa mno. Tabo ya gari ndogo za Kijapani za cc 660, ndiyo ndogo inayopatikana kwa urahisi kwenye spea za mtumba, imepimwa kwa injini inayomeza hewa mara mbili ya DT175 yako. Kwenye AG100 usijaribu. Kwenye 171 itaamka juu sana tu, kwenye mzunguko ambao huendeshi. Kagua pia kama kuna mvujo kati ya silinda na tabo. Kutu ya tundu la milimita mbili inatosha kuilaza.

Inavuta vizuri sekunde chache, kisha inazimika kama imekosa mafuta

Imekosa mafuta kweli. Tangi lililo sentimita 30 juu ya kabureta linasukuma kwa bar 0.02. Tabo ikipuliza 0.3 ndani ya kabureta, petroli haishuki. Kwa uzito wake peke yake ingehitaji tangi liwe zaidi ya mita nne juu. Bakuli la flot linaisha na injini inabaki na hewa tupu huku ikiwa na mzigo wote. Huu ndio muda pistoni inapotoboka.

Inahitajika pampu ya petroli na regyuleta inayosoma shinikizo la tabo, ikae juu yake kwa bar 0.15 hadi 0.2, zaidi ya hapo sindano ya flot inashindwa na kabureta inafurika. Mirija ya pumzi ya kabureta iunganishwe na sanduku la hewa la tabo, yote, bila kuacha hata mmoja ukitazama nje. Kuna wanaotia shinikizo la tabo ndani ya tangi ili kukwepa pampu. Usifanye hivyo. Tangi la bati lenye petroli na hewa ya moto, juu ya injini, katikati ya miguu ya mtu, halina nafasi ya kusamehe.

Moshi wa buluu unatokea kwenye tabo, au tabo inalia na kushika

Tustroki haina oili ya mzunguko wa kulainishia tabo. Unahitaji tangi lake dogo, pampu ya umeme, na mrija mpana wa kurudisha unaoshuka bila kupinda. Mrija wa kurudi ukibanwa au ukipanda, oili inajaa na kupita sili za tabo. Tena, angalia kama sumaku ya chombo inaweza kulisha pampu mbili pamoja na moto wa plagi. Kwa zile za volti 6, haiwezi.

Oili ya gia inaongezeka, au sili imetoka mahali pake

Sasa kesi inapata shinikizo kutoka juu. Sili za kawaida hazikutengenezwa kusukumwa namna hiyo. Weka bati dogo la kuzuia upande wa sumaku, lililokamatwa kwa skrubu za kesi. Upande wa klachi, oili ya gia ikinuka petroli, simamisha safari.

Inakatakata ikifika kwenye shinikizo

Moto hauruki. Hewa iliyobanwa zaidi inataka volti zaidi kupita kwenye pengo la plagi. Punguza pengo kutoka milimita 0.7 hadi 0.5, badilisha kofia ya plagi na kagua waya. Chumvi ya hewa ya pwani huacha unga wa kijani kwenye maungio ya koili. Ukiwa hapo weka plagi baridi zaidi hatua moja: kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi, hivyo B8ES inakuwa B9ES.

Mlio wa changarawe ndani ya kopo ukifungua moto

Funga moto mara moja. Huo ni mchanganyiko unaolipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Sababu ni joto la hewa, mafuta machache, taimingi (wakati wa plagi kutoa moto) iliyo mbele, mgandamizo mkubwa, au petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Ukinunua petroli ya chupa barabarani huwezi kujua. Kwa chombo chenye tabo, nunua kituoni.

Rudisha taimingi nyuma digrii 2 hadi 4. Shusha mgandamizo kwa kuchonga hedi ndani iongeze ujazo, kwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma. Usirundike gasketi chini ya silinda: hiyo inanyanyua matundu yote na kubadilisha muda wake, na ekzosi uliyoipigia hesabu haitakubaliana nayo tena.

Ukivua hedi, pistoni itakueleza. Ukingo ulioliwa upande wa ekzosi, na vitone vya aluminiamu kwenye kauri ya plagi, ni mlipuko huo. Tundu katikati ya kichwa cha pistoni ni joto lililowasha mchanganyiko mapema, na hapo tazama plagi ya moto kupita kiasi au mafuta machache. Mikwaruzo minne pembeni, pande zote, ni pistoni iliyopanuka haraka kuliko silinda. Mikwaruzo upande mmoja wa ekzosi ni upungufu wa oili.

Kuhusu oili yenyewe

Maduka ya spea za boti huuza oili yenye alama TC-W3, nayo ni nzuri kwa mashine ya boti inayopozwa na maji ya bahari. Kwenye silinda inayopozwa na hewa, inayopanda mlima na mzigo, haikutengenezwa kwa joto hilo. Ringi hugandishwa kwenye mifereji yake. Tafuta yenye alama JASO FC au FD. Kwa kuchanganya kwa mkono, uwiano wa 1 kwa 32 ni mililita 156 kwa dumu la lita tano. Lile bomba la sindano la 60 linapima vizuri. Chombo chenye tabo kiongezwe hadi 200 kwa lita tano, lakini kumbuka oili inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti: ukiongeza oili, panda jeti namba moja, na usome plagi upya.

Kusoma plagi: weka plagi mpya, pasha injini, tafuta mahali tambarare pasipo na watu, endesha moto wote kwa sekunde kumi katika gia ya tatu, kisha kwa pamoja vuta klachi na uzime swichi. Usiache injini ikae silensa, itafuta ushahidi. Kauri ya rangi ya kahawia ya kati chini kabisa, karibu na chuma, ndiyo unayoitaka. Kwa chombo chenye tabo anza na jeti kubwa kiasi cha injini kulegea kwa wingi wa mafuta, ushuke namba moja moja, na usimamie upande wa mafuta mengi. Rudia kipimo hicho Januari joto la kaskazi likiwa kali, kisha Julai kusi inapovuma na hewa ni nzito: jeti iliyotosha Januari, Julai huwa imepungua.